Milioni Moja na Tatu

Siku tulipomzika shemeji yangu Cirhuza, watu wengi walisimama kusema. Mkurugenzi mstaafu wa shule akataja shule alizofundisha marehemu, katekista akataja miaka aliyoimba kanisani, na mwanamume mmoja mwenye tai, ambaye nilikuwa simjui, akasema marehemu ndiye aliyemfundisha kushika kalamu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na dada yangu Nsimire, mjane wake. Mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, mwepesi, kama kitu alichokisahau hapo. Nilingoja machozi yangu yatoke. Hayakutoka. Kilichonijia kichwani wakati wanawake wanasali rozari ni namba: moja, sifuri tano, kisha tatu. Milioni moja na tatu. Hakuna hata mmoja kati ya waliosimama kusema aliyeijua. Tuliokuwa tukiijua tulikuwa watatu, na sasa tumebaki wawili. Kwa hiyo sitaeleza hapa alizaliwa na nani wala kwenye kilima gani, mambo hayo wengine wameyasema. Nitasema mwaka mmoja tu niliokaa kwao mjini, mtaa wa Kadutu, mwaka wa namba ile, wakati Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala na hakuna aliyejua kwamba wako karibu kuondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Nsimire, niliyekuwa namwita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyenileta mjini nisome kwa masista. Mume wake alikuwa mwalimu wa shule ya wavulana, mtu mrefu, mwenye sauti ndogo kuliko mwili wake. Nyumba ilikuwa ya matofali, saloni moja na vyumba viwili, jikoni iko nje chini ya kibanda cha mabati. Saloni ilikuwa na meza, viti vinne, picha ya Bikira Maria, na mlango wa kijani wa chumba changu. Pale ndipo Mugisho, mtoto wao wa pekee, alipojifunza kusimama, akishika mguu wa kiti na kutazama huku na huku kama mtu anayengoja pongezi. Kisha mvua zikaja, na pamoja nazo surua. Walimpeleka hospitali siku mbili, na asubuhi moja wakarudi kwa miguu bila yeye, shemeji amevaa koti lake la shule, Yaya ameshika kitenge alichombebea, amekikunja vizuri kama kinachotoka kupigwa pasi. Tulimzika mchana. Jioni tukala maharagwe. Nalikumbuka hilo kuliko mengine yote, kwamba tulikula, na kwamba shemeji aliomba aongezewe.

Watu husema msiba unauma. Wetu haukuuma. Ulitutia ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unauona ni wako, unaugusa, hausikii kitu. Jina la mtoto halikutajwa tena ndani ya nyumba. Hakuna aliyekataza, lilikosa tu mtu wa kulitamka. Yaya alifua, akapika, akaenda soko. Shemeji alienda shule na kurudi. Mezani maneno yalikuwa machache: "Makala ya jikoni imeisha." "Nitaleta." "Mvua itanyesha." "Njo vile," yaani ndivyo hivyo. Jirani yetu, Mama Wabiwa, Mrega wa Shabunda mwenye kicheko cha kuvuka ukuta, alimwambia mwenzake siku moja wakianika nguo, nami nikasikia: "Ile nyumba ya mwalimu, siku hizi iko sawa kanisa siku ya kazi." Nikaona amesema vizuri. Sikukasirika. Mwaka ule sikukasirika hata mara moja, na masista waliandika kwenye ripoti yangu kwamba nimekuwa mpole.

Namba ilianza kama kazi ya shule. Jumapili moja baada ya misa, sahani zimeshatolewa, nilikuwa nikijifunza somo ambalo sista aliliita *nombres premiers*: namba ambazo hazigawanyiki na kitu chochote isipokuwa moja na zenyewe. Saba ni mojawapo, kumi na tatu ni mojawapo. Kumi na tano siyo, kwa kuwa inavunjika tatu kwa tano. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kiti cha dirishani, hafanyi kitu. Nikamuuliza, kwa kuwa kimya kilikuwa kirefu na ilibidi mtu aseme neno, kama hata kubwa sana zipo. "Kubwa namna gani?" "Milioni moja na moja," nikasema, kwa sababu ndiyo iliyonijia mdomoni. Akainuka. Akaenda kuchukua ubao mdogo ambao alikuwa akitayarishia masomo yake, akaufuta kwa mkono wa shati, akaanza kugawanya. Alijaribu tatu, saba, kumi na moja, akaendelea hadi giza likaingia. Jumapili iliyofuata akafika mia moja na moja, na hapo haikubaki kitu. Milioni moja na moja ni mia moja na moja mara elfu tisa mia tisa na moja. "Imegawanyika," akasema, akaweka chaki chini polepole. Mimi nilifurahi, nikidhani tumepata jibu. Yeye hakufurahi.

Jumapili ya tatu nilimkuta ameshaandika nyingine juu ya ubao: 1 000 003. "Milioni moja na mbili inatoka, inagawanyika na mbili," akasema. "Hii njo inafuata." Akanieleza kwamba hatuhitaji kuijaribu kwa namba zote. Kama inavunjika vipande viwili, kimoja lazima kiwe chini ya elfu moja, kwa sababu vyote viwili vikizidi elfu vinapita mbali. Na hatuhitaji kujaribu kila namba chini ya elfu, zile zisizogawanyika tu zinatosha, maana ikikataa tatu imekwisha kukataa sita na tisa. Hizo zisizogawanyika zilikuwa mia moja na sitini na kitu. Alizichambua wiki nzima akirudi kutoka shule, akaziandika kwa chaki nyeupe kwenye mlango wa chumba changu, safu kwa safu, kutoka mbili hadi mia tisa tisini na saba. Yaya aliutazama ule mlango akipita na beseni la maji. Usiku nililala nyuma ya zile namba kama mtu anayelala nyuma ya ukuta wa kaburi, na mlango ulipofungwa nilisikia unga wa chaki ukidondoka.

Basi Jumapili zetu zikawa hivyo. Misa, chakula, kisha ubao. Namba nne, namba tano kwa siku, si zaidi, kwa sababu alitaka kila moja ifanywe mara mbili: mara ya kwanza na mimi, mara ya pili na yeye. Ikikataa, anaenda mlangoni anaifuta kwa kitambaa. Mwanzoni mabaki yalinishangaza. Nikigawanya kwa saba inabaki nne. Kwa kumi na moja, nne. Kwa kumi na tatu, nne tena. Nikadhani nimekosea, nikasugua ubao. "Haukose," akasema. "Andika tisa sita." Nikaandika 999 999. "Ile inagawanyika na saba, na kumi na moja, na kumi na tatu, na hata makumi tatu na saba. Yetu inapita ile na ine. Njo juu ya ile ine inabakia." Sauti yake ilikuwa sauti ya darasani, safi, inayojua inakokwenda. Nilimtazama mdomo. Ni saa zile tu za Jumapili alipoongea sentensi zaidi ya moja. Kwa hamsini na tatu ilibaki hamsini na mbili: imekosa moja tu. "Ingekuwa milioni moja na ine, tungeimaliza leo," akasema, na akaifuta hamsini na tatu kwa haraka, kama inayoweza kubadili nia.

Nimefundisha hesabu miaka mingi tangu wakati ule, na najua namba yetu haikuwa ya ajabu. Ziko nyingi kama hiyo, hazina mwisho, na juzi juzi mtoto wa jirani aliiandika kwenye simu yake ikamjibu kabla sijamaliza kuitaja. Jambo moja tu ndilo sikuweza kulizoea. Nilipokuwa mwalimu nililetewa kitabu cha hesabu kutoka Tanzania, nikatafuta wenzetu wanasemaje *nombre premier* kwa Kiswahili chao. Wanasema namba tasa. Tasa, yaani mgumba, asiyezaa. Nilikifunga kile kitabu nikakirudisha kwa mwenyewe. Darasani niliendelea na neno la Kifaransa, na wanafunzi walioniuliza kwa nini, sikuwajibu. Dada yangu hadi leo sijamwambia.

Maana neno hilo lilikuwa limeshaingia kwetu kwa njia nyingine. Katikati ya mwaka mama yake shemeji alitoka kijijini upande wa Kabare, akafika na kibuyu cha mashanza, yale maziwa ya kuganda, na kikapu cha ndizi. Alikuwa mwanamke mdogo, safi, hana kelele. Alitusalimia wote vizuri. Mimi na Yaya tulikuwa jikoni, dirisha la saloni liko wazi, na yeye alijua liko wazi. "Cirhuza, mutoto yangu," akasema, "mwaka inaenda. Tumbo iko kimya." Shemeji akasogeza kiti. "Sisemi muke yako iko mubaya. Ananiheshimu. Lakini muke wa mutoto moja, na ule mutoto akafa, kule nyumbani banamuita mugumba. Kuko binti, wazazi yake tunabajua. Huyu arudi kwabo na heshima yake." "Nitafikiri, mama." "Utafikiri mpaka wakati gani?" Kisha nikasikia sauti yake ile ndogo: "Niko na kazi moja. Nikiisha kuimaliza, nitakujibu." Mama yake alidhani anasema kazi ya shule. Sisi jikoni tulijua ni kazi gani. Yaya alikuwa akisonga bugali, na mwiko haukusimama hata kidogo. "Leta sahani," akaniambia. Nikaleta. Nilijua kwamba Yaya akirudishwa kwao nami nitarudi, na masista na vitabu vitakuwa vimeisha. Nilijaribu kuogopa. Nilijisukuma kabisa kuogopa, nikagundua tu kwamba sahani ile ilikuwa na ufa.

Tulipofika mia nne na tisa, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika na yeye anataja. Chaki ilikuwa imebaki kipande, na mvua ilikuwa imefanya ubao unyevu. Tulishuka hatua kwa hatua hadi mwisho, nikaandika baki la mwisho la kugawanya, elfu mbili arobaini na tatu, naye akasema, "Tano. Tano mara mia ine na tisa: elfu mbili makumi ine na tano. Inabakia..." Haikubaki kitu. Alisogea karibu na ubao. Rangi ya uso wake ilikwenda, na mikono yake ikaanguka pembeni kama ya mtu aliyenyang'anywa mzigo njiani. Nilikuwa nimeiona sura ile mara moja tu, asubuhi waliporudi kutoka hospitali. "Imegawanyika," akasema, si kwangu. Yaya alikuwa amesimama kwenye mlango wa nje na kisu cha viazi mkononi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Ndipo shemeji akainama, akaweka kidole chini ya tarakimu yangu ya mwisho. "Hii iko tatu ao tano?" "Tatu, shemeji." "Tatu?" "Chaki iko mubaya." Akafanya upya. Ilibaki mia nne na saba: imekosa mbili tu. Akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kikavu, kinachofanana na kikohozi, lakini kilikuwa kicheko, na Mama Wabiwa upande wa pili wa ukuta akaita, "Ee, Mwalimu! Kuko mugeni?" Yaya alimtazama mume wake muda mrefu. Kisha akarudi kwenye viazi.

Baada ya siku ile nilielewa kwamba shemeji hakuwa akitafuta namba ya kuigawanya ile milioni. Alikuwa akiilinda. Kila Jumapili aliishika mkononi, akaipeleka mbele ya nyingine, na ikirudi nzima aliweza kuamka Jumatatu. Sikumwonea huruma wala sikumlaumu, nilikuwa sina kimojawapo. Mlango uliendelea kuwa kijani kutoka juu kwenda chini. Mama mkwe alituma neno kwa mtu aliyekuja soko: shule zikifungwa atakuja tena, na safari hii atakuja na mjomba.

Mia tisa tisini na saba tuliifikia Jumapili ya mwisho ya mwaka wa shule. Niligawanya mimi, ikabaki kumi na mbili. Akagawanya yeye, ikabaki kumi na mbili. Alichukua kitambaa akaenda mlangoni, akaifuta ile ya mwisho, kisha akaendelea kusugua mahali palipokuwa tayari pasafi. Yaya aliingia kutoka jikoni, mikono imelowa, ina harufu ya sombe, majani ya muhogo.

"Imeisha?"

"Imeisha. Haigawanyike."

"Hakuna ingine?"

Shemeji akatazama mlango. "Kuko ingine. Namba haziishake."

"Minauliza hii."

"Hii imeisha."

"Basi kaa."

Akakaa. Yaya hakukaa. Alijifuta mikono kwenye kitenge, kidole kwa kidole, na alipomaliza akasema, "Mugisho." Jina lile lilitoka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu aliye uani. Shemeji akashika ukingo wa meza. "Mugisho alikufa," Yaya akasema, "na weye ukaingia mu ule mulango. Sikukukataza. Nilisema, acha amalize, kila mutu anapita mu njia anayoiona. Nilisikia mama yako, na nilijua haunisikii, basi nikangojea. Sasa niambie. Minatoka ao minabaki?"

Huyu ni mtu aliyejua kueleza kila kitu. Sasa alikunja kitambaa cha chaki, akakikunjua.

"Ubaki," akasema mwishowe. "Nilishindwa tu kusema."

"Ulishindwa kuambia nani? Mama, ao mimi?"

"Nyinyi bote. Na yeye."

"Yeye nani?"

Alihangaika na lile neno kama mtoto wa darasa la kwanza aliye mbele ya herufi. "Mugisho," akasema.

Yaya akatikisa kichwa kukubali. "Vaa viatu," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Na weye."

Mambo ya mama mkwe niyamalize hapa. Alikuja na mjomba kama alivyosema, wakakaa saloni, na shemeji akawaambia amesimama, mikono nyuma, kwamba Nsimire ni mke wake na atabaki mke wake. "Na jina yako nani atalibeba?" mama yake akamuuliza. "Sijui, mama," akajibu. Sikuwahi kumsikia akisema "sijui" kwa mtu yeyote. Mjomba aliongea sana, mama hakuongea tena. Alikunywa chai yake, akashukuru, akaondoka, na kwa miaka mingi hakukanyaga kizingiti chetu. Hawakupata mtoto mwingine. Nami nilibaki shuleni, nikamaliza, nikawa hivi nilivyo. Alipozeeka na kupofuka, mama yule aliomba mwenyewe aletwe mjini, na Yaya ndiye aliyemwogesha hadi siku ya mwisho, na wala hawakuwahi kurudia habari ile.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Alasiri ile tulitoka watatu, tukapita kwa Mama Wabiwa ambaye safari hii hakusema neno, tukateremka kwenda makaburini. Mawingu yalikuwa mazito juu ya ziwa. Sehemu ya watoto ilikuwa imejaa kuliko nilivyokumbuka, vilima vidogo vidogo, misalaba ya miti imelala huku na huku, majani yamefika magotini. Shemeji alisimama njiani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akafanya hatua chache, akarudi. Hakuwa amefika pale tangu siku ya maziko, na hakujua mtoto wake yuko wapi. Yaya alimpita bila kuuliza, akakata katikati ya makaburi, akapinda, akapinda tena, kama mtu anayekwenda chooni kwake gizani, akasimama. Kaburi lilikuwa safi. Udongo umesawazishwa, mawe meupe yamepangwa kuuzunguka, msalaba umefungwa upya kwa kamba ya mgomba.

"Nani anapafagia?" shemeji akauliza.

"Nikitoka soko, ninapitia hapa," Yaya akasema. "Kila mara."

Shemeji alipiga magoti na suruali yake ya Jumapili. Akanyoosha mkono ang'oe majani, kama afanyavyo mtu kwenye kaburi la mtu wake. Alipapasa upande wa kichwa, akapapasa upande wa miguu, akapapasa kati ya mawe. Hakukuwa na jani hata moja la kung'oa. Mkono wake ukabaki juu ya udongo, hauna kazi, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Yaya alimwacha kidogo. Kisha akachuchumaa kwenye kaburi la jirani, la mtoto tusiyemjua, lililofunikwa na majani hadi msalaba hauonekani, akashika mzizi mmoja kwa mikono miwili, akauvuta ukatoka. "Njoo," akamwambia mume wake. "Anza na huyu." Akaja kwa magoti. Nami nikachuchumaa upande wangu, tukang'oa mpaka mvua ikatukuta.